Kunde za Mama Mkwe wa Mwenyekiti

Mwaka wa 2006 mji wa Kitale haukuwa na upungufu wa vikundi. Kulikuwa na vikundi vya kununuliana sufuria, vya kuzikana na vya kufuga kuku wa gredi. Katikati ya hivyo vyote kulikuwa na Kikundi cha Mapishi ya Kale, ambacho hakikuwa na faida yoyote ila kula, na kwa sababu hiyo hakuna mwanachama aliyewahi kukosa mkutano.

Walikutana Jumamosi, katika chumba cha nyuma ya kanisa, kila mtu na sahani yake. Kazi yao, kwa maneno ya katiba ya kurasa tisa, ilikuwa "kuchunguza kwa kina namna mababu walivyopika." Mababu hawakupika, bila shaka. Mabibi ndio waliopika. Lakini katiba iliandikwa na Mwenyekiti, na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusumbuliwa na mambo madogo.

Mwenyekiti huyo, Mzee Jotham Wamalwa, alikuwa afisa wa kilimo mstaafu. Kwa miaka thelathini alizunguka Trans-Nzoia akiwaambia wakulima wang'oe kunde na mrenda, magugu hayo, wapande kabichi. Siku alipostaafu akagundua kwamba yale magugu ni urithi, tena urithi usio na mlinzi. Mlinzi akapatikana siku hiyo hiyo, akajichagua, akajipongeza. Chini yake alikuwapo Mwalimu Kemboi, ambaye aliamini hakuna chakula duniani kisichotokana na mursik, yale maziwa ya kulazwa kibuyuni, na Mama Gathoni Kiarie, muuza mbegu, ambaye katika kikundi kizima cha mapishi alikuwa na sifa ya pekee ya kupika nyumbani kwake.

Na alikuwapo Nangila Mukhwana, karani.

Nangila alikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya upishi, na diploma hiyo ilikuwa imempatia kazi katika shule moja ya wasichana nje ya mji, ambako alichemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya wanafunzi mia sita kila siku ya Mungu. Kati ya hao mia sita hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni nani aliyepika. Waliuliza tu kwa nini. Ukarani wa kikundi aliupata kwa sababu hakukataa, na hakukataa kwa sababu alipomaliza kukusanya pumzi ya kusema neno, wenzake walikuwa wameshapiga makofi.

Mwaka huo kikundi kiliamua kuchapisha kijitabu cha kurasa arobaini. Mwenyekiti alichukua kurasa kumi na nne, mbili kati ya hizo za picha zake, moja akiwa na kijiko na moja bila. Sheria ilikuwa jina moja tu kwa kila ukurasa, ili pasiwe na fujo, isipokuwa kurasa za Mwenyekiti, ambako jina lilikaa juu, chini na ubavuni. Zikagawanywa zote ila ukurasa wa kumi na saba, ambao mwenyewe alihamia Nakuru na viazi vikuu vyake. Nangila aliutaka ukurasa huo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika chumba kile, na kwa kuwa kusema hakukuwa rahisi, aliandika barua, akaitoa nakala, akaweka moja juu ya kila sahani kabla chakula hakijapakuliwa. Alijua wanachama wake. Mahali pengine popote isingeonekana.

"Ndugu wanachama," ilisema barua, "naomba msaada wenu. Nataka kuandika jinsi munyu, ile chumvi ya majivu ya kwetu Bungoma, ulivyotengenezwa, na jinsi majani ya kunde yalivyopikwa nao kabla magadi hayajafika madukani. Nyumbani nimeuliza, mama anajua magadi tu. Aliye na habari, au aliye na mzee mwenye habari, tafadhali anisaidie. Maswali yangu ni manne: majivu ya nini, maji kiasi gani, unajuaje umeiva, na unautia lini. Nikipata majibu ya kweli kabla ya kuchapisha, naomba ukurasa wa kumi na saba."

Wanachama waliguswa sana na ombi hilo, wakaanza kumsaidia kwa pamoja.

"Majivu?" alisema Mwalimu Kemboi. "Hiyo ni mursik. Sisi tunasugua kibuyu na mkaa, nyinyi mkaona mkasahau maziwa. Andika hivyo."

"Wee Mwalimu, mtoto ameuliza kunde," alisema Mama Gathoni.

"Na mimi najibu kunde! Hizo kunde unakula na nini? Si mursik?"

"Una mapishi matano ya mursik ndani ya hicho kitabu. Matano! Na yote ni maziwa imelala."

"Nina ya sita," alisema Mwalimu Kemboi kwa upole wa mtu anayeona ukurasa mtupu. "Tena iko tayari. Kama huyu binti atashindwa, mimi siwezi kuacha kikundi kiaibike na karatasi nyeupe."

Mwenyekiti aligonga meza kwa kijiko. "Tulieni. Swali la karani lina jibu, na jibu liko Malakisi. Katika nchi hii yote amebaki mtu mmoja anayepika kunde za munyu kama zilivyopikwa kabla ya mzungu. Mama mkwe wangu."

"Basi muulize," alisema Mama Gathoni.

Wale wa Bungoma mle chumbani walitazama sakafu. Mwenyekiti alitabasamu kama mwalimu mbele ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama Kiarie, sisi Wabukusu, mtu haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata kukaa chumba kimoja, hapana. Nikifika pale napewa sebule, yeye anabaki nyuma. Chakula kinaletwa na mke wangu. Tangu sabini na nne, huyo mama nimemwona mgongo mara tatu."

"Na umejuaje anapika aje?"

"Kwa ulimi!" Mwenyekiti alifumba macho. "Miaka thelathini na mbili nimekula hizo kunde. Kuna harufu fulani ndani yake, ya vichaka vya Mlima Elgon, mpaka leo sayansi haijaipa jina. Soma dibaji yangu, kurasa tatu nimeeleza. Ulimi haudanganyi, Mama Kiarie."

Ikaamuliwa kwamba Nangila atumwe Malakisi, kwa kuwa hakuwa mkwe wa mtu yeyote. Mwenyekiti, kwa moyo wake wa kusaidia, aliona maswali manne ni machache, akamwandikia arobaini na mawili, akayapiga chapa. Masharti yakawekwa: akirudi apike, Mwenyekiti aonje, na ulimi wake ndio utakaotoa hukumu. Ukikubali, ukurasa ni wa Nangila. Ukikataa, mursik ya sita.

*

Nangila aliomba ruhusa ya siku tatu shuleni. Bungoma alinunua sukari na sabuni ya mche, na saa tano alikuwa amesimama uani kwa Mama Phelista Nasambu, Malakisi, akiwa amekumbatia mfuko kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mulembe, Kukhu," alisema, kama mjukuu anayemsalimu bibi yake.

"Mulembe. Mbona unanong'ona? Kuna mgonjwa?"

Mama Phelista alikuwa mwembamba, mwepesi, amefunga kitambaa kichwani kwa namna ya mtu asiye na muda wa kioo. Aliketi, akaomba asomewe ile karatasi ya mkwe wake. Nangila akasoma swali la kwanza, lililotaka kujua uhusiano uliopo kati ya munyu na mtazamo wa ulimwengu wa jamii kabla ya ukoloni. Akasoma la pili, lenye vipengele vinne.

"Ngoja," alisema bibi. "Huyu mtu anataka kupika ama anataka kunishtaki?"

"Anataka... nafikiri anataka kujua, Kukhu."

"Na wewe unataka nini?"

Nangila akasema maswali yake manne. Yalikuwa mafupi, na kwa mara ya kwanza tangu ayaandike, mtu aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maswali," alisema Mama Phelista. "Leta hiyo karatasi. Ni kavu?"

Ilikuwa kavu kabisa. Iliwasha vizuri sana rundo la maganda ya maharagwe lililokuwa nyuma ya jiko, na hivyo utafiti wa Mwenyekiti ukaingia moja kwa moja ndani ya munyu, mchango mkubwa kuliko wowote aliowahi kuutoa.

Maganda yaliteketea polepole, bila kuchochewa ovyo. Majivu yalipopoa, bibi aliyatia katika chungu kilichotobolewa tundu chini, juu ya nyasi safi alizozikunja kama kiota, kisha akamimina maji, kidogo, akangoja, kidogo tena. Chini, sufuria ilianza kupokea matone ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

"Usimwage maji kama unazima moto," alisema. "Ukiharakisha unapata maji machafu. Sasa onja. Ncha ya ulimi tu, usijitie ushujaa."

Nangila alionja. Ulimi ukang'atwa, kidogo, kama na sisimizi mmoja mwenye adabu.

"Imeng'ata?"

"Imeng'ata, Kukhu."

"Basi imefika. Ikikuuma mpaka utoe machozi, ongeza maji. Isipouma, umetengeneza maji ya kuoshea vyombo."

Munyu uliingia sufuriani wakati maji yalipoanza kuchemka, kabla ya kunde, kiasi cha kikombe kidogo. Kunde zilipolainika zikatiwa maziwa. Kisha, jambo ambalo chuo hakikumfundisha Nangila kwa miaka yote miwili, hazikuliwa. Zililala. Kesho yake zikapashwa na kuongezwa maziwa, zikalala tena. Siku ya tatu asubuhi Mama Phelista alimpakulia na ugali wa wimbi, na Nangila akala. Zilikuwa na uchungu kidogo mwanzoni na moshi kwa mbali, halafu utamu ulikuja nyuma bila haraka, kama mgeni aliyejua atakaribishwa.

Macho yalimlenga machozi, naye akajifanya ni moshi.

"Nani mwingine anajua hii, Kukhu?"

"Wasichana wangu waliona. Kuona si kujua. Siku hizi ni magadi, unatia, dakika kumi unakula." Alimfungia chupa ya munyu na fungu la kunde ndani ya majani ya mgomba. "Andika vizuri. Mimi nikienda, hii inaenda na mimi, na kule sijui kama wanapika."

*

Kwa siku tatu Nangila alizilaza kunde zake na kuziamsha, na Jumamosi akazipeleka kanisani. Wanachama walikuwa wamejaa. Mwalimu Kemboi alikuja na kibuyu, kwa dharura.

Mwenyekiti alinawa mikono kama daktari. Akamega ugali, akachovya, akafumba macho. Macho yakafumbuka.

"Hapana," alisema.

Akaonja tena, kwa haki. "Hapana, hapana. Hii ni nini? Ni chungu. Ina moshi. Karani, umeenda Malakisi kweli ama umeishia Webuye?"

"Nilienda, Mwenyekiti," alisema Nangila, lakini alilisemea kola la blauzi yake, na kola halikumsaidia.

"Mimi nimekula kunde za munyu miaka thelathini na mbili! Nazijua! Na ile harufu iko wapi? Ile ya Mlima Elgon? Haiko! Ndugu zangu, hii ndiyo hatari ya vijana na vyeti. Unamtuma kwa chemchemi, anakuletea maji ya mtaro. Hii ni dawa ya mbuzi."

Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko huku wakila. Nangila alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote: majivu, nyasi, matone, siku tatu. Yalikuja yote pamoja mpaka kooni, yakazuiana mlangoni. Akafunga mdomo, akachukua kalamu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karani, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mwenyekiti alionja, akakataa."

Apewe nafasi moja, waliamua, kwa huruma. Mkutano wa dharura baada ya wiki moja, siku mbili kabla ya mswada kwenda kuchapishwa. Mwalimu Kemboi alisema hana kinyongo, mursik huzidi kuwa nzuri ikingoja.

Mama Gathoni alimkuta nje akiosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

"Wacha kulia ndani ya sufuria, itapata chumvi. Mimi nimekula sahani mbili na sijafa kama mbuzi. Hiyo kitu ni tamu."

"Lakini yeye ndiye anajua, Mama Kiarie. Labda mimi ndiye nimekosea. Labda kuna kitu Kukhu alisahau kuniambia."

"Labda. Ama kuna kitu ameficha. Rudi umuulize."

*

Alirudi Jumapili, baada ya kanisa. Mama Phelista alikuwa akianika wimbi. Nangila akamweleza yote, hata dawa ya mbuzi, ingawa hapo alipunguza sauti kwa heshima. Akauliza: hiyo harufu ya Mlima Elgon, Kukhu, ni majani gani?

Bibi alimtazama. Halafu kitu kilianza tumboni mwake, kikapanda mabegani, na mwishowe akalazimika kuketi juu ya ungo.

"Ni bizari," alisema alipoweza. "Bizari ya pakiti. Kijana wangu ananinunulia Bungoma, soko."

"Bizari?"

"Na magadi. Na nyanya mbili." Akafuta macho kwa pindo la leso. "Sikiliza. Mwaka huo ameoa Rosaline wangu, amekuja mara ya kwanza. Mimi nikalaza kunde siku tatu, za munyu, za mgeni wa heshima. Sahani ikarudi nusu. Rosaline akaniambia, 'Mama, anasema ni chungu.' Nikaona aibu! Mkwe amelala njaa kwangu! Mara ya pili nikatia magadi. Sahani ikarudi tupu. Baadaye bizari ikaja, nikajaribu. Sahani ikarudi kama imeoshwa. Tangu hapo sikubadilisha."

"Lakini Kukhu, yeye ameandika kurasa tatu! Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nikisimama wapi?"

Nangila alitazama wimbi.

"Usimwaibishe," alisema bibi, sasa bila kicheko. "Anajisifu, najua, nasikia mpaka huku nyuma. Lakini amemtunza mtoto wangu, na hakuna siku amekuja mikono mitupu. Usimwaibishe kwa ajili ya mboga. Na hii ya kweli, usiipoteze. Unanisikia? Usimwaibishe, na usiipoteze."

Hayo ndiyo mazigo mawili aliyobeba Nangila kurudi Kitale, na kadiri alivyoyageuza, hayakuingia kichwa kimoja. Akisema kweli, mzee wa watu anavuliwa nguo hadharani na mama mkwe wake, jambo ambalo hata adui hamwombei adui. Akinyamaza, kunde za Malakisi zinazikwa chini ya mursik ya sita. Aliligeuza jambo hilo wiki nzima pamoja na githeri, kwa mwiko mrefu kama jembe, mpaka wanafunzi wakalalamika kwamba maharagwe yamekuwa uji.

Ijumaa mchana alipita dukani kwa Mama Gathoni, akamwambia. Alimwapisha kwanza. Mama Gathoni aliapa, akasikiliza, akaenda nyuma ya magunia ya mbegu, akakaa huko kidogo. Aliporudi uso ulikuwa mwekundu.

"Ngai! Bizari! Kurasa tatu!"

"Mama Kiarie, umeapa."

"Nimeapa. Sasa si ni rahisi? Mpe magadi yake."

"Huo si uongo?"

"Uongo gani? Yeye anataka kunde kama zile anakulanga kwa mama mkwe. Ukimpa ile ya munyu, hapo ndio umemdanganya. Mpe anachojua. Wewe karatasini andika unachojua. Kuna mtu amesema lazima vifanane?"

Nangila alipekua sheria za kikundi, katiba nzima, kurasa zote tisa. Hakuna aliyesema.

*

Jumamosi hiyo alipika palepale kanisani, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Magadi, nyanya mbili, na bizari kiasi ambacho chuo kingemfukuzia. Harufu ikamtangulia kuingia chumbani, na Mwenyekiti akainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Alimega, akachovya, akatafuna, na tazama, chozi moja, la kweli kabisa, likateremka kando ya pua.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo. Ndugu zangu, mnasikia hiyo harufu? Hapo ndipo mababu walipo. Karani, nisamehe. Umefika chemchemi."

"Haina jina mpaka leo," alisema Mama Gathoni, akiitazama dari kwa bidii.

"Haina! Sayansi imeshindwa."

Mwalimu Kemboi alionja, akasema inakosa tu mursik, lakini alisema kama mtu anayefunga kibuyu chake. Mwenyekiti akaongeza kunde, akaamuru ukurasa wa kumi na saba usomwe mbele ya wanachama ili upitishwe.

Nangila alisimama. Akaishika karatasi kwa mikono miwili. Alisoma jinsi maganda ya maharagwe yanavyoteketezwa bila kuchochewa. Alisoma chungu chenye tundu, kiota cha nyasi, maji kidogo kidogo, matone ya rangi ya chai ya mkandaa.

"Kabisa," alisema Mwenyekiti, akitafuna.

Alisoma kwamba munyu huonjwa kwa ncha ya ulimi, na uking'ata kidogo, umefika.

"Nausikia hapa hapa!" Mwenyekiti aligusa shavu lake.

Alisoma kwamba kunde hulazwa siku mbili na huliwa ya tatu, kwamba mwanzo wake ni uchungu kidogo na moshi kwa mbali, na kwamba asiyezizoea asikimbilie kusema zimeharibika. Mama Gathoni alikohoa. Nangila akaendelea, na sauti, ambayo kwa kawaida ingekuwa imeishia hapo, haikuisha: "Magadi yasitiwe. Nyanya zisitiwe. Bizari isitiwe kamwe."

"Piga mstari chini ya hapo!" alisema Mwenyekiti. "Hao wa kutia vitu vya dukani ndio wametuharibia urithi. Niongezeeni supu." Akalamba kidole. "Kazi nzuri. Kimebaki kichwa. Juu utaandika: Mapishi ya Ukoo wa Wamalwa."

Kichwa alikuwa ameshakiandika, alfajiri, kwa wino. Alikuwa ameandika jina lake kwanza, kwa sababu aliutaka ukurasa ule na hakutaka kujidanganya kwamba hakuutaka. Alilitazama muda mrefu. Kisha, alfajiri hiyo hiyo, akachukua karatasi nyingine.

"Kichwa kipo, Mwenyekiti," alisema. "Kinasema: Kunde za Munyu za Phelista Nasambu wa Malakisi."

Kijiko cha Mwenyekiti kilisimama hewani.

"Na lako liko wapi?" aliuliza Mama Gathoni kwa mshangao usio wa kuigiza.

"Jina ni moja kwa kila ukurasa, Mama Kiarie. Ni sheria."

"Hapana, hapana," alisema Mwenyekiti. "Hiyo haiwezi kuchapishwa. Itoe."

"Nitoe nini, Mwenyekiti?"

"Hilo... hapo juu. Hilo jina."

Nangila alichukua kalamu, akafungua daftari la kumbukumbu. Alikuwa amepauka midomo, lakini alisema kwa sauti ambayo hata aliyekaa mlangoni aliisikia: "Pendekezo la kuondoa jina lazima liandikwe, na mwenye kupendekeza alitaje. Ni jina gani liondolewe?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na yote yalikuwa karibu. Lakini mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina, si kwa hasira, si kwa mzaha, wala kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano. Wale wa Bungoma walitazama tena sakafu, safari hii wakiwa wameuma midomo.

"Lile la... la yule mama."

"Mama nani, Mwenyekiti?"

"Bana, si unajua!"

"Karani haandiki anachojua," alisema Mama Gathoni. "Anaandika kilichosemwa. Katiba, ukurasa wa sita. Wewe ndio uliandika."

Mwenyekiti alimgeukia Mwalimu Kemboi amsaidie. Mwalimu Kemboi, mwenye mursik ya sita isiyo na makao, alikuwa amepata kitu cha kuchunguza ndani ya kibuyu.

Kunde zilikuwa zikipoa, na mtu hawezi kupigania mambo mawili kwa wakati mmoja.

"Endeleeni," alisema Mzee Jotham Wamalwa, akarudia sahani yake.

Nangila akaketi, akaandika: "Kichwa cha ukurasa wa kumi na saba kimepitishwa bila pingamizi."